Tumbo langu na kilomita ya tisa

Kilomita ya tisa, kwenye kile kilima cha kupanda kuelekea Mweka kwenye mbio za kilomita 21 kule Moshi, ndo nilipoingia kwenye geti la mtu nisiyemjua nikiwa na namba ya mbio kifuani. Sikugonga. Nilisukuma tu. Kulikuwa na bibi amekaa kwenye kigoda pembeni ya migomba anachambua maharage, nikamwambia "shikamoo bibi samahani naomba choo" yote kwa pumzi moja bila hata kusubiri marahaba, naye wala hakushtuka, akanyoosha kidole nyuma ya nyumba akasema, "Pita mjukuu wangu, maji yapo kwenye ndoo. Wewe ni wa nne leo."

Wa nne! Yani kabla yangu watu watatu walishapita pale wameshika tumbo, na ilikuwa haijafika hata saa tatu asubuhi. Nikiwa ndani nasikia wenzangu wanapita barabarani wanaimba, ngoma inapigwa, watoto wanashangilia, mimi nimechuchumaa nalia kimoyomoyo kwa sababu ya nauli ya basi kutoka Dar, gesti siku mbili, ada ya mbio, miezi minne ya kuamka alfajiri, na vyote vimeishia kwenye choo cha bibi wa Kichaga. Nilipotoka akanimwagia maji ninawe mikono akanipa pole, nikamaliza ile 21 nusu natembea nusu najikokota. Lakini lile neno "wa nne" halikutoka kichwani. Kama tuko wengi hivi mbona hakuna anayesema?

Kwenye kundi letu la jogging Tabata tunaongea kila kitu. Magoti, kisigino, kucha zinazokuwa nyeusi, raba gani feki na gani orijino, mume aliyenuna kwa sababu mke anaondoka saa kumi na moja alfajiri. Tumbo hapana. Mtu akipotea katikati ya mbio akarudi baada ya dakika kumi anasema alikuwa anafunga kamba za viatu. Dakika kumi unafunga kamba! Na sisi tunaitikia "aah, pole."

Mimi nilianza hii michezo kwa sababu ya presha. Nauza vitambaa Kariakoo, kazi ya kukaa kutwa nzima, nikapimwa nikaambiwa mama hapa usipojitikisa utaanza vidonge. Nikajiunga na kundi, tunakimbia Jumamosi, fulana za rangi moja, mchakamchaka na nyimbo, raha tupu. Kilomita tano sikuwa na shida yoyote. Shida ilianza nilipovuka nane, tumbo linaanza kunguruma kama pikipiki iliyotolewa sailensa, afu linabana chini ya kitovu, afu kuna lile jasho la baridi ambalo aliyewahi kulipata halisahau, na hapo unakuwa na kama dakika mbili za kufanya maamuzi ya maisha.

Nikaenda zahanati. Ukiwa Dar ukaenda zahanati ya mtaani na tumbo unajua kabisa utatoka na nini, typhoid na UTI, na minyoo kama nyongeza. Nikapewa dozi. Wiki tatu baadaye lile lile, nikaenda nyingine, typhoid tena, dozi tena. Ndani ya mwaka mmoja nilikunywa antibiotiki mara tatu, na antibiotiki zenyewe zinaharisha kwa hiyo nikawa naharisha hata siku nisizokimbia, nikawa na uhakika sasa nakufa. Baadaye ndo nikaja kuelewa kwamba kile kipimo cha Widal wanachotupima kinaangalia askari wa mwili na sio mdudu mwenyewe, kwa hiyo kinaweza kukuambia una typhoid kumbe uliugua zamani au huna kabisa.

Aliyenifungua macho ni daktari mmoja mama mtu mzima, mpole, haandiki huku unaongea. Akaniuliza tumbo linauma ukiwa umekaa dukani? Hapana. Usiku linakuamsha? Hapana. Umepungua uzito bila sababu, umeona damu? Hapana, hapana. Siku usizokimbia? Hapana. Akavua miwani. "Sasa mwanangu, huo ni ugonjwa gani unaojua ratiba ya jogging?"

Tulicheka wote. Alinipima choo na wale bakteria wa vidonda vya tumbo ili kujiridhisha, hakuna kitu. Afu akakaa akanieleza, na mimi nawaeleza kama nilivyoelewa.

Ukikimbia miguu inataka damu nyingi, na ngozi nayo inataka damu ili ipoze mwili, sasa damu ni ile ile haiongezeki, kwa hiyo mwili unapunguza kwingine na anayepunjwa sana ni tumbo na utumbo. Ukikaza mwendo sana damu ya huko inaweza kupungua kwa hata asilimia 80. Hebu fikiria jiko limezimwa gesi halafu bado kuna sufuria ya maharage juu yake. Chakula hakisagiki vizuri, kuta za utumbo zinakosa hewa zinakuwa dhaifu, na juu ya hapo kila hatua unayokanyaga unautikisa huo mfuko mzima, maelfu ya mitikisiko. Ndo maana waendesha baiskeli hawasumbuliwi chini kama sisi. Halafu weka joto la Dar la mwezi wa kwanza ambalo saa kumi na mbili asubuhi umeshalowa, na upungufu wa maji, na wasiwasi wa siku ya mbio (kuna mtu anakwenda chooni mara tatu kabla hata ya kuvaa viatu, hiyo ni akili na utumbo vinaongea). Vyote vinavuta upande mmoja.

Kwa hiyo lile tumbo langu lilikuwa halina ugonjwa. Lilikuwa linalalamika na nilikuwa na kila sababu ya kulisikiliza, ila mimi nilikuwa nalimezesha dawa.

Akaniambia nenda kanunue daftari, andika ulichokula saa 24 kabla ya kila mbio ndefu na kilichotokea. Daftari la shule la kurasa 48. Nimeandika miezi mitatu na nawaambia kweli hakuna kitu kilichowahi kuniumbua kama lile daftari. Ijumaa usiku: wali maharage. Ijumaa usiku: wali maharage na kachumbari. Ijumaa usiku: chapati maharage, embe mbili. Jumamosi alfajiri: chai ya maziwa, kitumbua. Halafu nashangaa!

Maharage, vitunguu, kitunguu saumu, ngano nyingi, maziwa, embe, tikiti, asali, vyote hivyo vina aina za sukari ambazo utumbo mdogo hauzifyonzi vizuri, zinashuka chini bakteria wanafanya sherehe, gesi inatoka, maji yanavutwa ndani ya utumbo. Chuo Kikuu cha Monash kule Melbourne Australia ndo wamelifanyia kazi sana jambo hili, wana orodha ndefu ya vyakula, japo waliianza kwa ajili ya wagonjwa wa tumbo na sio wakimbiaji. Na maziwa kwetu Waafrika wengi ukishakuwa mtu mzima uwezo wa kuyasaga unapungua, unakunywa chai yako ya maziwa ukiwa umekaa haikufanyi kitu, ila kaikimbize kilomita kumi uone.

Msinielewe vibaya, sijaacha maharage. Mimi nikiacha maharage nitakula nini? Nimeyahamisha tu. Yanaliwa Jumapili mpaka Alhamisi. Ijumaa nakula ugali au wali na samaki, mboga kidogo iliyopikwa ikaiva, kitunguu kwa adabu, na nalala. Kuna mtu kwenye kundi akanipinga akasema Wakenya wanakunywa chai ya maziwa na ndo mabingwa. Ni kweli wanakunywa, ila wale wa Iten, ule mji wa wakimbiaji kule Kenya, wengi wanatoka kukimbia alfajiri tumbo tupu, chai na mkate vinafuata wakisharudi. Sisi tumeiga chai tukasahau saa.

Kahawa nayo. Inasukuma utumbo, hilo kila mtu anajua hata asiyekimbia, kwa hiyo nimeifanya iwe mtumishi wangu, siku ya mbio nakunywa kikombe kimoja cha kahawa nyeusi mapema nikiwa bado nyumbani, namaliza biashara zote hapo hapo, afu natoka. Mbio zikianza saa moja asubuhi mimi naamka saa tisa na nusu usiku, nakula saa kumi. Mkate mweupe na ndizi mbivu moja, au viazi mviringo vya kuchemsha na chumvi. Ile habari ya mkate wa brauni na matunda mengi kwa sababu ni afya, hiyo iwe siku nyingine, asubuhi ya mbio nyuzinyuzi ni adui. Masaa matatu yanatosha. Nikila saa moja kabla, kichomi kinanikamata chini ya mbavu kulia mpaka nainama, hasa nikiwa nimeshushia na juisi.

Sasa Moshi nilikosea wapi, maana wakati ule daftari nilikuwa ninalo tayari? Hapa ndo pana somo lililoniuma.

Kwanza vidonge. Goti lilikuwa linanisumbua, shoga yangu mmoja akanipa diklofenaki akasema meza moja kabla ya kuanza hutasikia kitu, na kweli goti sikulisikia. Kaka mmoja kwenye kundi letu ambaye ni mfamasia nilipomsimulia alishika kichwa. Hizi dawa za maumivu za aina ya diklofenaki na ibuprofeni zinapunguza kile kinacholinda ukuta wa tumbo na utumbo, ukizimeza halafu ukaenda kukimbia utumbo ambao tayari umenyimwa damu unazidi kuumia, na figo nazo zinapata mzigo ukiwa huna maji. Na sisi tunagawana kama pipi kwenye mstari wa kuanzia! Nimewaona kwa macho yangu, mtu anatoa kipakti anauliza "nani anataka". Kama goti linauma kiasi cha kutaka kidonge ndo ukimbie, hilo goti linakuomba ulale.

Pili glukozi. Nilikuwa nimesikia lazima ule sukari njiani, na ni kweli, mbio zikizidi saa moja na kitu wataalamu wanashauri gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa saa. Mimi nikachukua kichupa kidogo nikakoroga unga wa glukozi mpaka ukawa mzito kama uji, nikanywa wote kilomita ya sita. Mazoezini sikuwahi kunywa chochote zaidi ya maji. Kinywaji kizito hivyo tumbo haliwezi kukipitisha, linakaa nacho, na utumbo unavuta maji kutoka mwilini ili kukizimua. Kilomita tatu baadaye nikawa mgeni wa bibi.

Kiwango kinachopita vizuri ni kama gramu 60 mpaka 80 kwa lita. Soda ya kawaida iko juu ya hapo, kama gramu 100 na kitu, ndo maana soda katikati ya mbio inatuvimbisha, ukiachilia mbali gesi yake. Sasa hivi natengeneza yangu jikoni, kijiko cha chai cha sukari kina kama gramu 4, kwa hiyo vijiko 15 kwenye lita moja ya maji safi, chumvi kidogo kama robo kijiko, ndimu kwa ajili ya ladha, basi. Haijanigharimu hata elfu moja. Madafu nayapenda lakini nayaweka baada ya mbio, yana potasiamu nyingi ila ile sodiamu tunayoitoa kwenye jasho yanayo kidogo tu.

Na hapa kuna kitu nilikuwa sikijui kabisa, kwamba tumbo linafundishika. Yani lenyewe linafanya mazoezi kama miguu. Nilianza na mafunda mawili kila dakika 20 kwenye mbio za Jumamosi, wiki mbili za kwanza nikawa nacheua cheua na kusikia limejaa, nikavumilia bila kuongeza, wiki ya tatu likazoea, nikaongeza. Ilinichukua kama miezi miwili kufika nusu lita kwa saa bila fujo. Tende zilinikataa. Wenzangu wanazisifia, mimi zinanipa gesi ya kutisha, basi nimeziacha kwa ajili ya futari. (Na kwa wale wanaokimbia Ramadhani, mimi nakimbia taratibu nusu saa kabla ya magharibi, baada ya futari ya mihogo ya nazi hata kutembea ni mtihani.) Wala usinywe maji kwa woga, kila meza unayoipita glasi, maana maji yakizidi sana chumvi ya damu inashuka na hiyo ni hatari ya kweli, kunywa kwa kiu na kwa mpango uliouzoea.

Wanawake wenzangu hili ni lenu. Siku mbili za kwanza za hedhi mbona tumbo linaendesha hata bila kukimbia? Kwa sababu zile kemikali zinazobana mji wa mimba zinabana na utumbo wa jirani. Nilipoanza kuweka alama ya hedhi kwenye daftari nikaona Jumamosi mbovu karibu nusu zilikuwa hapo, na nilikuwa nimemsingizia mihogo bure. Siku hizo sasa nakimbia karibu na nyumbani, napunguza mwendo, sijilaumu.

Na aibu. Nilipoanza kusoma soma habari za hawa wakubwa nikakuta Uta Pippig wa Ujerumani, Boston Marathon 1996, mara ya mia moja ya mbio hizo, alikuwa anaharisha na tumbo linambana tangu mwanzoni, kamera zote zinamuona, mbele yake yuko dada yetu Tegla Loroupe wa Kenya anaongoza, na bado Uta akamfikia mwishoni akashinda, Tegla akawa wa pili. Paula Radcliffe, London 2005, zimebaki kilomita chache tu, akasimama pembeni ya barabara mbele ya watu na televisheni akajisaidia, akaendelea, akashinda kwa 2:17:42. Mimi bibi mmoja na migomba yake ndo nilitaka niache kukimbia!

Kwa hiyo niliamua kulisema kundini. Jumamosi moja tumemaliza tunajinyoosha nikasimama nikasema jamani mimi Moshi niliharisha. Kimya. Afu baba mmoja mzito, fundi magari, ambaye huwa haongei, akasema "Mimi ndo maana sipiti ile njia ya Segerea, hakuna pa kuingilia." Wee! Ikawa kama bomba limepasuka. Kumbe kila mtu ana ramani yake. Sheli gani mlinzi hana roho mbaya, msikiti upi vyoo vyake viko wazi baada ya swala ya alfajiri, baa ipi mhudumu anafungua mapema kufanya usafi. Tumezichora zote. Mbio ndefu tukaacha kwenda moja kwa moja na kurudi, tunazunguka mizunguko ya kilomita nne nne ili mtu asiwe mbali na msaada. Na kila mtu ana tishu kwenye kimfuko cha nailoni na noti ya elfu moja, maana choo cha kulipia hakikopeshi.

Kuna waliouliza vile vidonge vya kufunga kuhara, wameze kabla ya mbio. Mfamasia wetu amewakatalia kuvifanya mazoea, na akasema kama kuna homa au damu kwenye choo usiviguse kabisa. Ukiharisha njiani ukamaliza, tengeneza maji ya chumvi na sukari, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa lita, unywe kidogo kidogo, au ORS ya dukani. Na ukiona choo chekundu au cheusi kama lami, au tumbo linakuamsha usiku, au unapungua tu bila sababu, hiyo sio habari ya maharage tena, nenda hospitali yenye vipimo, wala usikubali kutoka na typhoid ya mdomoni.

Februari iliyofuata nikarudi Moshi. Nimekula viazi vyangu saa kumi usiku gesti, nimekunywa kahawa yangu, diklofenaki nimeiacha Dar pamoja na shoga aliyenipa. Nisiseme uongo, kilomita ya saba tumbo lilinguruma, moyo ukanidunda, nikapunguza mwendo nikatembea dakika moja nikapumua kwa tumbo, likatulia. Kilima cha Mweka kiko vile vile, hakijapungua. Nikaanza kulitafuta lile geti, nikaliona, na bibi yupo, kigoda kile kile.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba mjukuu wangu! Karibu, leo hupiti?"

"Leo sipiti bibi!"

Akacheka akanipungia kanga. Sijafika mbali nikasikia mtu ananipita kwa nyuma anakata kona kwa kasi, nikageuka, kaka mmoja kapauka uso mkono uko tumboni, anasukuma geti.

"Shikamoo bibi samahani naomba..."

"Pita mjukuu wangu, maji yapo kwenye ndoo."